Swichi Iliyoandikwa Nyuma

Kituoni kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Meneja, wote walimwita Mama Swichi. Jina hilo lilitokana na namna yake ya kueleza mambo. Ukimwendea na shida ya kompyuta hakukuonyesha kitu cha kubonyeza. Alikwambia uandike jina la programu kwa kibodi, uache nafasi, uweke kistari, kisha herufi moja. Kistari na herufi hiyo ndiyo aliyoiita swichi. Kulikuwa na swichi ya kuonyesha, swichi ya kunyamazisha, swichi ya kuhesabu. "Programu haina akili," alituambia. "Inakungoja wewe uiambie leo unaitaka ifanye kazi kwa namna gani."

Mimi nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha mchana, na chumba chake kilitazamana na mlango wa studio yangu. Baadhi ya haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia mwenyewe, miaka ya mwisho, bila kujipunguzia hata neno.

Alikuja redioni kama mpiga chapa wa taarifa za habari, mjane mwenye binti mmoja aliyekuwa darasa la pili. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, fundi aliyezifunga aliacha nyuma kitabu cha lugha ya kuandikia programu iitwayo C, kimechanika jalada, kimelowa chai ukurasa wa kumi hadi wa ishirini. Mama Swichi akakibeba nyumbani. Alikisoma jikoni maji yakichemka, alikisoma kwenye foleni, alikisoma akimsubiri binti yake mlangoni pa shule. Mwaka haukuisha akawa ameandika programu ya kupanga ratiba ya vipindi. Wakubwa wakashangaa, wakamwondoa kwenye mashine ya chapa, wakampa chumba chenye feni na meza mbili. "Sikusomeshwa," alikuwa akisema, kidevu juu. "Nilijisomea." Na kweli alistahili kujivuna.

Rafiki yake wa karibu pale kazini alikuwa mtunza kanda, bwana mrefu, mkimya, tuliyemwita Masikio. Huyu alikuwa na kipindi kimoja alichokipenda kuliko mshahara wake, kiitwacho Nilivyoishi. Watu wazima waliokula chumvi nyingi walikaa mbele ya kipaza sauti wakaeleza maisha yao: mkunga, dereva wa treni, mchimba visima, mwanamke aliyelea watoto kumi na mmoja wasio wake. Walikuwa watu mia nne na kumi na wawili. Sauti zao zilikuwa kwenye kanda, na kanda zilikuwa zimeanza kuota ukungu.

Masikio ndiye aliyezihamishia kwenye kompyuta. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kanda ya saa nzima huchukua saa nzima, na lazima mtu awepo akisikiliza, maana inaweza kukwama au kukatika. Alifanya hivyo kwa miaka sita. Ukiingia chumbani mwake ulimkuta amevaa spika zake za masikioni, amefumba macho, mara anatabasamu peke yake, mara anafuta pua. Alijua nani hukohoa kabla ya kusema uongo mdogo na nani hucheka akifika mahali penye uchungu. Alipomaliza, zile kanda zilizooza zikachukuliwa zikatupwa. Tangu hapo, kila Ijumaa tulirusha sauti moja, naye ndiye aliyeichagua.

Yeye na Mama Swichi walikuwa na utani wao. Asubuhi Masikio alichungulia mlangoni akasema, "Chai, kistari S, mbili."

"Kistari M je?"

"Maziwa leo hapana. Tumbo halijakubali."

"Basi nitakuwekea kistari P."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Pole."

Walicheka kila siku kama vile ndiyo mara ya kwanza. Sisi wengine tulitikisa vichwa tu.

Mwaka uliofuata baada ya kanda kutupwa, Mama Swichi aliandika programu aliyoiita safisha. Diski ya kituo ilikuwa ikijaa mafaili ya habari za zamani zisizo na kazi tena, na programu hiyo ilipita kwenye folda ikifuta kila kilichozidi umri uliotajwa. Ilikuwa na swichi mbili. Ya kwanza ni M, ya miaka, inayofuatwa na namba. Ya pili ni J, yaani jaribu tu: ukiiweka, programu haifuti kitu, inakuonyesha orodha ya mafaili ambayo ingeyafuta.

Hapa lazima nieleze kidogo alivyonieleza yeye. Programu ya C ikianza, hupewa vitu viwili: idadi ya maneno uliyoyaandika kwenye ile amri, na orodha ya maneno yenyewe. Basi. Kujua lipi ni swichi na lipi ni jina la folda ni kazi ya aliyeandika programu. Lugha hiyo ina kifaa kilicho tayari cha kazi hiyo, kinaitwa getopt, na watu wengi hukitumia. Mama Swichi alikijua, lakini hakukitaka. "Mtoto ni wangu," alisema, "kwa nini nibebewe?" Akaandika mzunguko wake mwenyewe, yaani maagizo yanayorudiwa kwa kila neno. Ulisoma maneno moja moja kutoka mwanzo. Neno likianza na kistari, ulilichukua kuwa swichi, pamoja na namba yake kama ipo. Ukikutana na neno la kwanza lisiloanza na kistari, ulihesabu kwamba swichi zimekwisha, na kila kinachofuata, hata kiwe na kistari, ni jina la folda ya kusafishwa.

Kwa miaka kumi na mmoja safisha ilifanya kazi bila kelele, kwa sababu aliyeitumia ni yeye peke yake, na vidole vyake viliweka swichi mwanzoni bila kufikiri.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Diski ilijaa pomoni, studio zikawa hazirekodi. Mama Swichi hakuwepo, alikuwa hospitali kwa ajili ya goti lililomsumbua. Meneja akamwambia Masikio amletee orodha ya mafaili yote yenye zaidi ya miaka kumi, folda kwa folda, ili waone ni yapi yahamishiwe kwenye diski nyingine. Orodha tu. Masikio hakupenda kugusa mambo asiyoyajua, akapiga simu.

"Mama Swichi, samahani kukusumbua. Nataka orodha. Sitaki kufuta kitu."

"Tumia safisha. Andika safisha, kistari M, kumi, halafu jina la folda."

"Haitafuta?"

"Ongeza kistari J. Hiyo ni jaribu tu, haigusi kitu. Ongeza kistari J, usisahau. Naitwa ndani, kaka yangu."

Simu ikakatika. Masikio akaandika kama alivyoambiwa: safisha, kistari M, kumi, jina la folda ya sauti za wazee. Kisha akaongeza kistari J. Alipobonyeza, majina yakaanza kupanda kwenye skrini moja baada ya jingine: mkunga, dereva wa treni, mchimba visima. Aliyatazama yakipita, akayatambua yote. Alidhani anaonyeshwa. Mwishoni kabisa ulitokea mstari mmoja ukisema hakuna folda inayoitwa kistari J, lakini ulikuwa mstari mfupi, na yeye alikwishageuka kumjibu mtu aliyegonga mlango.

Mtu huyo hakuwa mimi. Mimi nilikwenda mchana, saa nane kasoro, kuomba sauti ya mkunga kwa ajili ya kipindi cha afya. Masikio akasema, "Hiyo nakupa sasa hivi," akafungua folda. Ilikuwa tupu. Akaifunga, akaifungua tena. Akavua spika masikioni taratibu, akaziweka mezani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Zilikuwa hapa," akasema.

Kulikuwa na mashine ya nakala, lakini mashine hiyo iliifuata ile ya kwanza kila saa: kikiongezwa kitu, nayo inaongeza, kikiondolewa, nayo inaondoa. Kufikia mchana ilikuwa imeondoa. Tena, nafasi ilipopatikana kwenye diski, studio zote mbili zilianza kurekodi hapo hapo, zikaandika juu ya mahali sauti zilipokuwa. Mafundi waliokuja kujaribu kuokoa walirudisha vipande vya sauti kumi na tisa, vingine vimekatikia katikati ya sentensi.

Alhamisi tuliitwa kwenye ofisi ya Meneja. Nilikuwepo kwa kuwa mimi ndiye niliyegundua. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa wakubwa wake, na mwenye hofu hutafuta wa kumbebesha lawama. Alikuwa na karatasi yenye zile amri zote zilizoandikwa siku ile.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," Masikio akasema.

"Mama Swichi alikwambia uweke ya kujaribu?"

"Aliniambia. Niliweka."

"Kama uliweka, mbona zimefutika?"

Meneja akamsukumia Mama Swichi karatasi. "Mama, wewe ndiye mwenyewe. Hii ni sawa?"

Nilikuwa nimekaa kando yake. Aliichukua karatasi, akaitazama. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba haikumchukua hata nusu ya pumzi. Aliiona ile J imekaa mwisho, akaona mzunguko aliouandika, akajiona amesimama mlangoni mwa daktari akisema ongeza. Alijua yote kabla hajafungua mdomo. Kisha akasema:

"Swichi imeandikwa mahali pasipo pake."

Hakusema zaidi. Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililommaliza mwenzake. Meneja akashusha pumzi, akaandika kitu. Masikio akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi nilikosea kusikia. Simu haikuwa nzuri." Wiki iliyofuata akapewa barua ya kustaafu, ingawa alibakiwa na miaka miwili.

Siku ile ile ya Alhamisi, tulipotoka kwa Meneja, Mama Swichi alifunga mlango wake akafungua msimbo wa safisha, yale maandishi ya programu yenyewe. Hakuwa ameusoma kwa miaka. Juu ya ule mzunguko alikuta maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, maneno ambayo kompyuta huyaruka lakini binadamu huyasoma. Yalisema: Swichi zije kwanza. Anayeziandika nyuma shauri yake.

Aliniambia hakulia. Alikaa tu akitazama neno shauri yake. Alijikumbuka alivyolipenda siku aliyoliandika, alivyocheka peke yake akijiona hodari.

Wiki nzima akaiandika programu upya. Sasa ilisoma maneno yote hadi la mwisho kabla ya kugusa chochote. Swichi ikiwa mbele, katikati au nyuma, iliitambua. Neno lisiloeleweka likitokea popote, iligoma na kueleza kwa nini. Kufuta kukawa ndiko kunakohitaji swichi yake, na usipoiweka, inaonyesha tu. Ilikuwa kazi ya siku tano, ambayo angeweza kuifanya wakati wowote katika miaka kumi na mmoja. Na baada ya kuimaliza hakumwambia mtu.

Masikio alikuja siku ya mwisho ya mwezi kuchukua vitu vyake. Nilikuwa studio, mlango wazi, taa nyekundu imezimwa, nikawasikia kwenye korido.

"Mama Swichi."

"Karibu, kaka."

"Sikai. Nimekuja kusema samahani."

"Samahani ya nini?"

"Nimeiaibisha programu yako. Watu sasa wanaiogopa, na kosa halikuwa lake."

Nilisubiri jibu lake. Nilimwona amesimama, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Akasema, "Usijali." Basi. Masikio akaenda na kisanduku chake cha karatasi, ile waya ya spika ikiburuta nyuma yake sakafuni, wala hakuna aliyemwambia.

Kilichomvunja ni binti yake. Alikuwa mtu mzima wakati huo, mwalimu wa hesabu, na alikuja Jumapili moja kumkanda mama yake goti. Mama akamweleza jambo lote, akidhani ataonewa huruma. Binti akaendelea kukanda mpaka akamaliza, akafunika chupa ya mafuta.

"Mama, yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi mimi nisijue kabla yake. Ungemwambia yeye kwanza."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Binti akainuka. Akaosha mikono, akaaga. Mama Swichi alisema hajawahi kumwona mwanawe akiondoka bila kumbusu shavuni, isipokuwa siku hiyo.

Jumatatu akaandika barua kwa Meneja, ukurasa mmoja, akieleza programu ilivyosoma maneno, alivyoelekeza kwa simu, na alivyonyamaza. Meneja akaisoma akiwa amesimama.

"Mama, hili limekwisha. Ukilifufua unajiharibia wewe, na mimi unaniweka pabaya."

"Halijakwisha kwake."

"Keshaondoka."

"Kaondoka na kosa langu."

Meneja akaikunja barua akaiweka kwenye droo. Mama Swichi alikuwa na nakala. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa kantini, kwa pini nne, akasimama pembeni mpaka watu watano wakaisoma mbele yake. Mimi nilikuwa wa tatu. Sikujua niseme nini, nikamshika bega. Akasema, "Usinishike, bado sijamaliza."

Mchana huo alikwenda nyumbani kwa Masikio. Mkewe ndiye aliyefungua, mama mnene mwenye sauti ya upole, akamkaribisha, "Shemeji, karibu, yumo ndani." Masikio alikuwa sebuleni amekaa. Redio ilikuwa kabatini imefunikwa kitambaa. Mama Swichi hakukaa wala hakuzunguka mbuyu. Akasema yote akiwa wima.

Masikio alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyozoea kusikiliza. Kisha akauliza, "Siku ile kwa Meneja, ulipopewa karatasi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla ya kusema lile neno, au baada?"

"Kabla."

Akatazama mikono yake. "Nimekaa hapa miezi miwili," akasema, "nikifikiri mimi ndiye niliyewaua. Mke wangu huyu hapa, muulize. Naamka nawaita majina."

Mama Swichi akasema, "Nisamehe, kaka yangu."

"Usiniite hivyo leo."

Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mkewe akamtazama mgeni, uso umebadilika, lakini bado akamsindikiza hadi nje. "Nenda, dada," akasema. Shemeji ilikuwa imekwisha.

Kituo, baada ya wote kuisoma ile barua ubaoni, kililazimika kumwandikia Masikio kumwomba arudi. Hakujibu. Wakamwandikia Mama Swichi onyo, wakamwacha kazini kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua zile programu. Alisema kubaki kulimwuma kuliko ambavyo kufukuzwa kungemwuma. Kila asubuhi alipika chai kikombe kimoja.

Miezi minne ikapita. Kisha mke wa Masikio akapiga simu kituoni, akaomba kuzungumza naye. "Anasema uje Jumatano. Uje na kompyuta ile ya kubeba."

Alimkuta amekonda. Hawakusalimiana sana. Masikio akaeleza anachotaka: sauti zimekwenda, lakini yeye alizisikiliza zote, na nyingine amezisikiliza mara tano, mara kumi. Maneno anayo. Si yote, lakini mengi. Atasema, na yeye aandike.

"Sikuiti kwa sababu yako," akasema. "Wewe ndiye unayepiga chapa haraka."

"Sawa."

"Anza. Namba moja. Mkunga."

Wakaanza hivyo, Jumatano na Jumamosi, asubuhi hadi adhuhuri. Masikio alifumba macho akaongea, si kwa sauti yake bali kwa mwendo wa sauti zao, akisimama pale walipokuwa wakisimama. "Hapa alicheka," alisema, na Mama Swichi akaandika: hapa alicheka. "Hapa alikaa kimya kitambo, nje lori likapita." Akaandika lori. Akipoteza neno, Masikio hakulibuni. Alisema, "Hapa sikumbuki," na hilo nalo likaandikwa.

Mama Swichi aliingojea siku atakayosikia utani hata kidogo. Mara moja, mke alipoleta chai, alithubutu. "Kistari S, ngapi?" akauliza.

Masikio akatazama kikombe. "Sukari vijiko viwili," akajibu. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekwisha kuiacha ile lugha, basi.

Walifika mtu wa mia mbili na tatu. Alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mpishi wa reli, na Masikio alikuwa katikati ya maneno yake, pale anapoeleza treni ilivyozama matopeni na abiria wakala kutoka sufuria moja. Akasema amechoka, amalizie Jumamosi. Ijumaa alipelekwa hospitali. Ulikuwa ugonjwa wa ini, wa muda mrefu kumbe, na hakuwa amemwambia mtu ila mkewe. Ndiyo maana aliita. Alikuwa akikimbizana na muda, naye Mama Swichi alikuwa akikaa pale Jumatano baada ya Jumatano bila kujua.

Alimwona mara moja wodini. Masikio alikuwa na nguvu ya kunong'ona tu. Akamwashiria ainame. Mama Swichi alidhani sasa atasikia neno alilolingoja mwaka mzima. Akanong'onezwa, "Wa mia mbili na nne. Mtengeneza viti. Alianza kwa kusema..." na hapo pumzi ikamwishia, muuguzi akaja akamtoa mgeni nje. Masikio hakuzungumza tena.

Mazikoni tulikwenda wengi. Mama Swichi alisimama nyuma kabisa, na mjane alipopita kati ya watu akipewa mikono, alifika kwake akampa mkono kama alivyowapa wengine, wala si zaidi, wala si chini ya hapo.

Aliendelea na kazi miaka mitatu tena, kisha akastaafu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchapa yale maelezo na kuyafunga kitabu, akakiweka kwenye rafu ya chumba cha kanda. Watu mia mbili na wawili wamo kamili kadiri ya kumbukumbu ya mtu mmoja. Wa mia mbili na tatu ameishia na treni matopeni. Baada yake ni orodha ya majina na kazi zao tu, mia mbili na tisa, kila mmoja mstari mmoja.

Nilikuwa naye chumbani humo wiki yake ya mwisho wakati mwanamke mmoja aliporuhusiwa kuingia, amebeba mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia kwamba redio ina maneno ya baba yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo. Hakuwahi kusikia sauti yake akiwa na akili ya kukumbuka.

"Baba alikuwa nani?" Mama Swichi akauliza.

"Mtengeneza viti."

Mama Swichi akafungua kitabu, ingawa alijua ukurasa na mstari bila kufungua. Akamwonyesha jina. Yule mwanamke akalisoma, akafunua ukurasa unaofuata, akarudi.

"Maneno yako wapi?"

"Hatukumfikia, mwanangu."

"Lakini aliongea? Alikaa hapa akaongea?"

"Aliongea saa nzima. Ilifutika. Niliifuta mimi."

Mwanamke akamtazama huyu mzee aliyeshika kitabu, asielewe mtu anafutaje sauti ya mwenzake. Hakukasirika. Akauliza tu, polepole, "Basi alianza kwa kusema nini?"

"Sijui," Mama Swichi akasema. "Aliyekuwa akijua aliniita aniambie, nikachelewa kusikia."

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Mama Swichi akavuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha yule mama amnyonyeshe, na yeye akasimama ukutani kwa lile goti lake bovu mpaka mtoto akalala.